NDORO YETU: SHIDA NA RAHA

JUMATANO

17:02 Mwajuma Katibu: Asalaam alaykum wanandugu. Kama mnavyojua Mzee Redio ametutoka usiku wa kuamkia jana na tumemzika jana hiyohiyo alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Hitma ni Jumamosi saa 3 asubuhi, uwanja uleule wa siku zote. Mchango 10,000 kila nyumba, walioko nje ya Lindi 20,000. Tumeni kwa namba yangu, jina litatokea Mwajuma. NA YA KUTOLEA JAMANI. Kopi orodha ongeza jina lako
1. Mwajuma 10,000 ✅
2.
3.

17:40 Mwajuma Katibu: Naona mnasoma. Tiki za bluu haziliwi

17:58 Mama Tatu: 😭😭😭🙏

17:59 Mama Tatu: [picha: Ijumaa Mubarak, maua na njiwa]

18:01 Mwajuma Katibu: Mama Tatu leo Jumatano

18:03 Mama Tatu: Ni ya keshokutwa nimewahi kuituma kabla bando halijaisha

18:09 Selemani wa Mitwero: Samahanini nilikuwa shamba, kwani nani kafariki

18:10 Mwajuma Katibu: Soma juu Selemani. Mzee Redio

18:10 Selemani wa Mitwero: Redio huyu wa kopo??? Lini? Mbona hakuna mtu aliyetangaza

18:12 Hamza Fundi: Atangaze nani wakati mtangazaji ndo kafa

18:13 Shem Mngoni: 😂😂 Mungu nisamehe nimecheka niko kwenye daladala

18:20 Kassimu (Dar): Duh. Mimi nimejua sasa hivi kwenye kikundi. Na ningekuja, ila si mnajua Somanga barabara imekatika tangu kimbunga Hidaya kipite, mabasi ya Kusini yamelala, jana nimeenda stendi Mbagala watu wamekalia mabegi yao tu hawajui wanaondoka lini

18:22 Shem Mngoni: Zunguka. Morogoro, Iringa, Njombe, Songea kwetu unapita kusalimia wakwe zako, Tunduru, Masasi, Mnazi Mmoja, umefika

18:23 Kassimu (Dar): Shem hiyo sio safari hiyo ni eda. Nitawakuta kwenye arobaini

18:25 Mwajuma Katibu: Kassimu usiyekuja ndo unachanga zaidi. Nakuandika 20,000?

18:31 Mwajuma Katibu: Kassimu

18:44 Mwalimu Issa: Nami nimeiona sasa. Vijana wa siku hizi mlimwona yule bwana uzeeni tu, sauti imeshaisha. Alikuwa anaanzia soko kuu alfajiri watu wakitoka kusali, anaweka kopo lake mdomoni, kwanza anapiga kwa mdomo ule muziki wa matangazo ya vifo wa Redio Tanzania Dar es Salaam enzi hizo, wote mnaukumbuka mliozaliwa kabla ya hizi simu, mpaka kuna mama mmoja Rahaleo alikuwa akisikia ule muziki tu anaanza kulia kabla hajajua kafa nani, halafu ndipo anasoma, "ndugu fulani wa Ndoro, Lindi, anasikitika kutangaza kifo cha", na utamu ulikuwa kwenye ukoo, maana hakuwa anaacha mtu, habari ziwafikie fulani wa Nachingwea, fulani wa Liwale, fulani wa Kilwa Kivinje, fulani wa Newala, na kama marehemu alikuwa na nyumba ya pili mahali ambapo nyumba ya kwanza haijui basi siku hiyo ndiyo wanajua.

18:46 Kassimu (Dar): Baba yangu mdogo aligundulika ana mke Tunduru kwa njia hiyohiyo 😂 mama mdogo alitoka msibani na kanga moja anamtafuta Redio, sio mumewe, Redio

18:47 Shem Mngoni: 😂😂😂

18:49 Selemani wa Mitwero: Na yule mzee wa Wailes aliyetangazwa yuko hai je

18:52 Mwalimu Issa: Hilo nililiona kwa macho yangu. Mzee yuko sokoni anachagua dagaa, Redio yuko juu ya gogo anamtangaza kwamba amefariki jana magharibi. Watu kimya. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema umemsahau mdogo wangu wa Masasi. Basi Redio akarudia tangazo lote tangu mwanzo na mdogo wake wa Masasi akamtia. Walipofika kwenye mazishi ndio wakaagana.

18:54 Mama Tatu: 😂😂😭🙏

18:55 Shem Mngoni: Lindi mna watu wa ajabu kuliko mji wowote nimeishi. Yule wa mjusi je yuko hai?

18:58 Mwalimu Issa: Alifariki, Mungu amrehemu. Ila yule usimwite wa ajabu shemeji, yule alikuwa na hoja. Wajerumani wamechimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ya yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, ikabebwa vichwani na watu wetu kwa miguu siku nzima nzima mpaka bandarini hapa Lindi, leo imesimamishwa Berlin zaidi ya mita 13 kwenda juu watu wanalipa kiingilio. Yeye alikuwa anasema babu yake alibeba na mzigo mmoja hakulipwa. Ndiyo maana akiona mzungu yeyote pale ufukweni anamwandikia ankara.

19:00 Hamza Fundi: Alimpa mtalii mmoja akasema mimi Mtaliano mzee akamwambia haidhuru mtafikishiana

19:01 Kassimu (Dar): 😂😂😂😂 aisee nimekumbuka nyumbani

19:03 Mwajuma Katibu: TUNAOMBA TUSITOKE NJE YA MADA. Hitma iko siku tatu mbele na orodha ina jina langu peke yangu. Mchele nani analeta, kuni nani, nazi nani. Na tangazo nataka nilipeleke msikitini kesho na lingine nibandike stendi, nimeandika hivi, nijazieni palipo wazi:

"Familia ya ........ wa Ndoro, Lindi, inasikitika kutangaza kifo cha mzee ........ maarufu Redio kilichotokea hapa Lindi. Habari ziwafikie ........ wa ........ , ........ wa ........"

19:21 Mwajuma Katibu: Nasubiri

19:22 Selemani wa Mitwero: Jina lake si Redio?

19:23 Mwajuma Katibu: Selemani kuna mtu anaitwa Redio na wazazi wake?

19:26 Kassimu (Dar): Mimi nilisikia Mmakua wa Masasi

19:27 Shem Mngoni: Mi niliambiwa katoka Msumbiji

19:30 Selemani wa Mitwero: Marehemu baba alisema ni Mmwera wa Mtama lakini baba alikuwa anasema kila mtu ni Mmwera wa Mtama

19:34 Hamza Fundi: Nyie hamkuwepo jana makaburini ndo maana mnacheka. Sheikh anataka kusoma talakini akauliza marehemu ni fulani mtoto wa nani, jina la mama. Tukatazamana. Watu wazima tumesimama na majembe hakuna anayejua. Sheikh akasubiri weee mwisho akasoma mtoto wa Hawa. Mtu aliyetaja koo za maiti wote wa mji huu tumemzika kama kaokotwa baharini

19:41 Mwajuma Katibu: Ndo maana nasema tumfanyie hitma nzuri. Hamza nakuandika 10,000?

19:42 Hamza Fundi: Mimi nisiandikwe

19:42 Mwajuma Katibu: Kwa nini

19:43 Hamza Fundi: Unajua

19:43 Mwajuma Katibu: Sijui niambie hapahapa watu wasikie

19:49 Hamza Fundi: Sawa mmetaka. 2017 mama yangu amelala ndani mvua inanyesha nimekuja kwenu kuomba turubai la mtaa, la mtaa Mwajuma, lililochangwa na mama yangu pia, nikaambiwa limechanika. Wiki iliyofuata lipo Mikumbi kwenye unyago limefungwa vizuri na maua. Sufuria ndo usiseme. Watu wamekaa na mvua yao mpaka tunatoka kuzika, leo unaniambia mchango

19:50 Mwajuma Katibu: Hamza hayo ya mama zetu. Wao ndo walikuwa hawasemezani, mimi nilikuwa na mtoto mchanga ndani

19:51 Hamza Fundi: Umbali wa kwenu na kwetu ni mwembe mmoja

19:52 Shem Mngoni: Jamani sufuria zenyewe ziko wapi sasa hivi maana Jumamosi tunapikia nini 😅

19:53 Mwajuma Katibu: Shem sio wakati

19:55 Hamza Fundi: Aliyesema kweli siku ile ni huyuhuyu Redio. Kapita na kopo mtaa mzima, habari ziwafikie wa Nachingwea, wa Mchinga, wa Kilwa, halafu akaja kusimama palepale mwembeni akasema "na majirani wa ng'ambo ya mwembe, ambao habari wanazo ila miguu inawauma"

19:57 Mwajuma Katibu: Na mama alilia kwa maneno yale mpaka macho yakavimba. Hilo hulisemi. Alimuaibisha mtu mzima mbele ya watoto. Na bado jana mimi ndo nimenunua sanda Hamza, sio wewe

19:58 Hamza Fundi: Ujumbe huu umefutwa

19:58 Shem Mngoni: Nimeshausoma 🙈

19:59 Mama Tatu: Jamani tumche Mungu

20:00 Mama Tatu: [picha: njiwa na Ijumaa Mubarak]

20:04 Mwalimu Issa: Vijana, punguzeni. Humu kuna wazee.

20:37 Bi Somoe: Ni Rehema hapa natumia simu ya bibi. Nimemsomea zote. Anasema niandike anavyotamka nisipunguze wala nisiongeze

20:38 Mwajuma Katibu: Shikamoo bibi

20:38 Kassimu (Dar): Shikamoo bibi

20:38 Mwalimu Issa: Shikamoo mama

20:58 Bi Somoe: Marahaba wote. Nimesomewa. Kwanza hilo turubai nililiona mimi, halikuchanika. Hilo liishe. Pili huyo mnayemwita Redio ana jina, anaitwa Saidi. Mama yake ni Ashura, alikuwa anauza ming'oko ya kuchemsha pale stendi ya zamani na alikaa chumba cha uani kwetu kwa sababu mume wangu alimwonea huruma. Saidi alikuwa Dar es Salaam anabeba mizigo Kariakoo. Ule mwaka wa mvua za El Niño, 1998, Ashura akaugua, tukapeleka salamu na mtu wa lori, mama yako anaumwa. Sikujua kama salamu zimefika. Nyie mnalia Somanga imekatika siku mbili tatu. Sisi barabara ya Kusini ikija masika ilikuwa haipo. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, kabla ya hapo ni pantoni pale Ndundu, na Rufiji ukijaa pantoni halivuki, malori yanapangana, watu wanapika chini ya lori, wanalala chini ya lori, wengine wanauza nguo wanunue unga. Ashura akafa. Mimi nikaenda posta kwa pesa yangu nikapeleka tangazo redioni. Habari zimfikie mwanawe Saidi aliyeko Dar es Salaam. Kumbe salamu zilifika na Saidi alishatoka Dar es Salaam, yuko Ndundu kwenye foleni, anasikia jina lake kwenye redio ya dereva. Mto uko mbele yake hauvukiki na mama keshazikwa

20:59 Bi Somoe: Rehema bado. Anakunywa maji

21:06 Bi Somoe: Alifika hapa tumeshaanua tanga. Hakulia. Aliniuliza neno moja, bibi walikuja watu wangapi kumzika mama. Nikasema wengi. Nilimdanganya. Mvua ilikuwa kubwa, walikuja wanaume tisa na mmoja alikuwa mpita njia. Nadhani alijua. Baada ya hapo ndio mkaanza kumwona na kopo. Mnasema chizi. Sawa. Mwajuma wewe umehesabu michango, jana makaburini ulihesabu watu? Hamza wewe ulikuwepo, mlikuwa wangapi? Usiandike, najua. Hitma haisomwi kwa mtu ambaye mji haujui kama amekufa. Atangazwe kwanza. Ijumaa alfajiri, soko kuu, stendi, mpaka pale panapopandiwa kivuko cha Kitunda. Kwa mdomo. Watakaotangaza ni Mwajuma na Hamza. Wote wawili, pamoja, na wataanzia mwembeni. Nimemaliza. Rehema zima

21:06 Bi Somoe: (Hilo la zima kasema nisipunguze)

21:31 Mwajuma Katibu: Sawa bibi

21:33 Shem Mngoni: Ujumbe huu umefutwa

21:40 Mwalimu Issa: Nimeishi naye mtaa mmoja miaka yote hiyo, nimemfundisha kusoma majina ya watu wa Newala asikosee, hakuniambia hata siku moja.

21:44 Kassimu (Dar): Niandikeni 20,000. Na ya kutolea

21:47 Mwajuma Katibu: Ahsante Kassimu. Basi kama kutangaza ni Ijumaa, hitma Jumamosi watu wa Liwale na Nachingwea hawatawahi, tusogeze Jumapili?

21:49 Selemani wa Mitwero: Jumapili kuna harusi Rasbura

21:50 Mwajuma Katibu: Ya nani

21:50 Selemani wa Mitwero: Sijui ila nimealikwa

21:53 Mwajuma Katibu: Bibi, na ndugu zake tuweke nani kwenye tangazo? Bado pako wazi

21:58 Bi Somoe: Rehema hapa, amelala. Ila wakati napanga mto alisema Ashura alikuwa na dada yake Liwale, jina halikumbuki

22:00 Shem Mngoni: Wekeni habari ziwafikie Liwale nzima, watajijua wenyewe

22:01 Mwalimu Issa: Shemeji hilo hata yeye angelikubali.

22:04 Kassimu (Dar): Si mkodi tu gari la matangazo lenye spika? Nitaongeza hela. Mwajuma na kopo saa kumi na moja alfajiri majirani watasema mengi

22:06 Mwajuma Katibu: Bibi kasema kwa mdomo

22:09 Mama Tatu: Jumamosi ni pilau au wali wa nazi

22:10 Mwajuma Katibu: Mama Tatu hujachanga

22:52 Zuhura Muscat: Jamani ndo nimemaliza kazi huku nimesoma mpaka macho yanauma. Siku naondoka kuja huku Redio alinitangaza. Mimi mzima nimesimama na begi stendi anasema "ndugu wa Ndoro wanasikitika kutangaza safari ya Zuhura, habari ziwafikie wote aliowakopa". Nilimchukia sana nikapanda basi nimenuna, sikumuaga. Nikifika Nangurukuru nikakuta kwenye kimkoba kile cha pembeni kuna korosho za kubangua zimefungwa kwenye gazeti, na mimi sikuwa nimenunua korosho. Natuma 50,000 kesho mshahara ukiingia. Mwajuma usiniwekee tiki kabla

22:55 Mwajuma Katibu: Nakuwekea mabano

23:47 Hamza Fundi: Saa ngapi

23:48 Mwajuma Katibu: Saa kumi na nusu, tuwe tumeshafika sokoni watu wakitoka kusali

23:49 Hamza Fundi: Mwembeni upande wenu au wetu

23:51 Mwajuma Katibu: Hamza

23:51 Hamza Fundi: Nauliza tu nijue pa kusimama

23:53 Mwajuma Katibu: Ukifika ita. Nitatoka. Kopo lake nani analo? Halikuwepo kwenye vitu vyake pale kibarazani, nimeangalia, kuna redio ya mkulima, kanzu mbili na daftari

23:54 Hamza Fundi: Daftari la nini

23:55 Mwajuma Katibu: Majina. Limejaa majina ya watu na wanakoishi. Nimetafuta jina lake sijaliona, labda Mwalimu aje aangalie kwa miwani

23:57 Shem Mngoni: Kopo ninalo mimi. Nimelichukua jana makaburini, mimi ni mtani wenu na nina haki yangu, sijavua hata kofia yake. Linakombolewa kwa 30,000

23:58 Mwajuma Katibu: Shem hapana bwana, lete kopo

23:58 Shem Mngoni: Utani ni utani hata bibi anajua. 25,000 na mbuzi namwachia

23:59 Hamza Fundi: Mimi nitatoa 5,000

ALHAMISI

00:00 Shem Mngoni: Hamza si ulisema usiandikwe 😂 haya 15,000. Na ya kutolea

06:15 Mwajuma Katibu: Asubuhi njema. Orodha mpaka sasa
1. Mwajuma 10,000 ✅ (na sanda)
2. Kassimu 20,000 (bado haijaingia)
3. Zuhura 50,000 (mabano)
4. Hamza 5,000 (kopo, sio hitma)
5.
6.
Mwalimu Issa njoo uangalie daftari kabla ya adhuhuri. Sufuria mwenye nazo ajitokeze, siulizi zimekuwaje

06:40 Selemani wa Mitwero: Kwa hiyo ni Jumamosi au Jumapili?

07:55 Mama Tatu: 🙏🙏

08:20 Selemani wa Mitwero: ?